Mashine Iliyopona Ruiru

Kuna magonjwa yanayoogopa daktari. Mtoto anakesha akilia jino, ukimfikisha kliniki anacheka na manesi, nawe unabaki umeshika kadi mkononi ukionekana mwongo. Kompyuta ya Jentrix ilikuwa na ugonjwa wa aina hiyo. Nyumbani kwao Landless, mtaa wa Thika, iliganda ilivyopenda: mshale unasimama katikati ya skrini, herufi hazitoki, saa ya pembeni inakwama, na ubonyeze utakavyobonyeza haijibu. Lakini ikibebwa hadi Ruiru kwa fundi Dismas iliamka kwa adabu, ikafanya kazi kutwa nzima bila hata kukohoa.

"Dada, hii mashine iko sawa," Dismas alimwambia kwa mara nyingine, akilisukuma lile sanduku ambalo kila mtu huliita CPU. "Nimeiwasha tangu asubuhi. Nimeiwekea muziki, video, kila kitu. Angalia."

Jentrix aliangalia. Mshale ulikuwa ukikimbia huku na huko bila wasiwasi wowote. Angeweza kuipiga kofi.

Si kwamba Dismas hakujaribu. Alikuwa amezitoa RAM akazisugua kwa raba ya penseli, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya juu ya prosesa, akaweka hata Windows upya. Yeye ndiye aliyewauzia mashine hiyo, tena alitoka upande mmoja na Jentrix kule magharibi, kwa hiyo alikuwa na aibu ya kazi na aibu ya nyumbani pia. Lakini ufundi una mpaka. Mgonjwa akikataa kuugua mbele yako, utamtibu nini?

Jentrix aliirudisha Thika. Kabla chai ya jioni haijapoa, ikaganda.

Kama ingekuwa kompyuta ya kuangalia sinema, mtu angevumilia. Hii ilikuwa mlango wake wa kutokea. Alikuwa katika majaribio na kampuni moja inayojibu wateja wa ng'ambo: mtu wa mbali ameagiza viatu, vimemfikia vyote vya mguu wa kushoto, anaandika kwa hasira, na Jentrix, ameketi Landless na leso kiunoni, anamtuliza kwa Kiingereza cha upole. Wakati wa majaribio kila mtu alifanya kazi nyumbani kwake, kwa mashine yake. Waliofaulu walichukuliwa katika ofisi ya Ruiru. Na mumewe, Njau, alikuwa ametoa neno: ukiingia hapo, tunahamia Ruiru.

Hilo neno Jentrix alilibeba kila mahali. Tangu aolewe aliishi katika nyumba ya mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, kwa sababu ya mjukuu wake Lynn, mtoto wa Jentrix na Njau. Njau alikuwa kitindamimba, na walilala katika chumba kilekile alichokulia, na vyeti vyake vya shule bado ukutani. Cucu hakuwa mtu mbaya. Hakumtukana wala hakumnyima chochote. Lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Jentrix hakuchagua pazia wala mahali pa kuning'iniza mwiko. Akipika mrenda, Cucu alisema kwa upole kwamba hiyo mboga inateleza sana, kisha akajikaangia kabeji. Akitoka alisema anakwenda wapi, akirudi alieleza kilichomchelewesha. Hakukuwa na kufuli, na bado alijiona amefungiwa. Hapo tu mbele ya skrini, akiwatuliza Wazungu wenye hasira, ndipo alipojisikia mtu mzima.

Skrini ikiganda, kule Ruiru msimamizi wake Akello aliona jina la Jentrix limezima huku mteja akingoja. Simu ililia papo hapo.

"Jentrix, umepotea tena. Ni nini?"

"Ni stima, madam. Imeenda kidogo, imerudi."

Kwanza alisingizia umeme kwa woga, baadaye kwa mazoea. Akello hakuwa mjinga. Stima gani hii, alimuuliza siku moja, inayopotea kwako tu?

Njau alimhurumia sana. Ni yeye aliyebeba CPU begani hadi stendi, ameifunga kwa blanketi ya Lynn isigongwe. Alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha biskuti, kule Eneo la Viwanda, na hata akitoka kazini macho mekundu alimpikia Jentrix chai, akamwekea karibu na kibodi na kusema, "Pole, Mama Lynn." Yeye ndiye aliyedhani ni jirani anayechomelea milango ya chuma, kwamba anavuta stima ya mtaa mzima. Jirani akaenda kwao Gatuanyaga kwa matanga, mtaa ukanyamaza, na mashine ikaganda vilevile.

Mwishowe Jentrix akampigia Dismas. "Fundi, kama mgonjwa anaponea kwako, basi wewe kuja umwone akiwa kwake."

Dismas akaja mchana mmoja. Alikaribishwa sebuleni, akapewa chai na mkate, akakaa kutazama Jentrix akifanya kazi. Na hapo inabidi sebule ya Cucu ielezwe, kwa maana humo hamkuwa na kitu kilichosimama uchi. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma, stuli zilivaa, redio ilivaa, hata chupa ya chai ilikuwa na sketi yake. Rimoti ya televisheni ilikuwa bado ndani ya nailoni iliyokuja nayo dukani. Kompyuta ilipoingia nyumba hiyo, Cucu aliipima kwa shibiri, akainunulia uzi wa rangi ya pichi, akaifumia gauni zima lenye marinda, lililofunika juu, ubavu na nyuma, likaacha tundu la kitufe cha kuwashia tu. Na kwa kuwa vumbi la Thika halina heshima, ndani alishonea nailoni. Jentrix akiipeleka mashine Ruiru aliivua gauni na kuliacha nyumbani, maana nani angepeleka kazi safi namna hiyo katika duka lenye grisi?

Ikaganda. Dismas aliweka kikombe chini, akapenyeza mkono chini ya marinda, akautoa haraka.

"Hii kitu inachemka," alisema.

Halafu akaona macho ya Cucu. Alimtazama Jentrix. Jentrix alitazama zulia. Alikuwa ameelewa papo hapo, na furaha ilimpanda pamoja na aibu, vyote kwa wakati mmoja, kwa sababu alijua itabidi jambo hilo lisemwe na mtu.

"Hii kitambaa ilishonwa na nani?" Dismas aliuliza, akijua.

"Ni mimi," Cucu akasema, amejiweka sawa kitini.

"Cucu, umeshona poa sana. Sijaona ingine kama hii. Lakini hii mashine inapumulia nyuma na kwa side. Ukiifunika hivi ni kama mtu amelala na blanketi kwa mdomo."

Cucu akalivua gauni mwenyewe. Dismas akaifungua mashine ubavu na kuwaonyesha feni. Njau, aliyekuwa ndio ameamka, alishika tochi ya simu na kuuliza maswali ya mtu anayetaka kujifunza. Hii waya ni ya nini? Na hii ndogo? Dismas, aliyepata mwanafunzi, alimfundisha yote kwa moyo mweupe. Cucu alilikunja gauni lake taratibu, pindo kwa pindo.

"Si mngeniambia tu," alisema, akaingia nalo chumbani. Jioni hiyo alisema anaumwa kichwa, hakula nao.

Jentrix aliumia kumwona vile. Lakini kesho yake mashine ilifanya kazi tangu asubuhi hadi magharibi, na kesho kutwa yake pia, na maumivu hayo yakapungua. Akello alimwandikia kumsifu. Jentrix akaanza kutafuta nyumba za Ruiru kwa simu, moja ina dirisha la jikoni, nyingine ina balkoni ya kuanikia nguo. Alimwonyesha Njau kitandani. Njau aliitikia mm, mm, ni poa, akageukia ukuta. Zamu zinachosha, Jentrix alisema moyoni.

Kisha ikaganda tena.

Iliganda mteja akiwa katikati ya malalamiko. Jentrix aliruka na kugusa ubavu wa CPU. Ulikuwa wa moto, na hakukuwa na kitambaa. Alimpigia Dismas, naye akamwongoza kwa simu: toa screw ya nyuma, vuta ubavu, washa, angalia feni.

"Haizunguki," Jentrix alisema.

"Kuna waya ndogo inatoka kwa feni. Iko kwa nafasi yake?"

Ilikuwa inaning'inia.

"Irudishe." Kisha Dismas akasema, "Dada, hiyo haitokangi yenyewe. Mtoto wako anacheza hapo?"

Lynn alikuwa bado anavaa viatu mguu wa kulia kushoto. Mtoto huyo hakuweza kufungua hata pipi. Jentrix aliurudisha waya, feni ikavuma, akaketi akitazama mlango wa chumba cha Cucu.

Haikupita wiki, waya ukatoka tena. Alimweleza Njau kwa sauti ya chini, akitumaini atabishana naye, atamwambia mama yangu hawezi. Njau alikuna kichwa na kupumua.

"Unajua Mum. Hakufurahia vile ile kitambaa ilitolewa mbele ya mgeni. Mwache tu, ni mzee. Itaisha."

Alilisema kwa huzuni kiasi kwamba Jentrix alimwonea huruma yeye, aliyebanwa katikati ya mama na mke. Kuanzia hapo nyumba ilipungua ukubwa. Jentrix alificha bisibisi chini ya godoro la Lynn. Alikwenda msalani mbio na kurudi mbio. Alimpakulia Cucu chakula, akamwekea sahani bila neno, naye Cucu alikula bila neno, na Jumapili walienda kanisani wakitembea pande mbili za barabara na Lynn katikati. Na chuki, kama ujuavyo, haihitaji kulishwa sana. Jentrix alianza kusikia kila kikohozi cha Cucu kuwa ni cha ushindi. Alilia bafuni, maji yakiwa wazi asisikike, kisha akaitwa kueleza kwa nini amemaliza maji.

Bisibisi ilikuwa chini ya godoro, na waya ukatoka tena.

"Jentrix, nakuambia kama mtu anayekupenda," Akello alimwambia. "Kesho ndiyo siku yako ya mwisho ya majaribio. Ukipotea tena, mimi sitakuwa na la kuwaambia wakubwa. Stima imeisha utamu."

Siku hiyo ya mwisho Jentrix aliamka na maombi. Njau alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku na kulala. Lynn alikuwa akicheza uani. Jentrix aliwasha mashine, ikawaka, akamjibu mteja wa kwanza, na wa pili, na watatu. Alianza kuamini. Alikuwa akimwandikia mama mmoja aliyepoteza mzigo wa zawadi ya harusi, amefika katikati ya neno, na neno likakataa kuisha.

Hakuigusa hata hiyo mashine. Aliinuka akaenda jikoni, ambako Cucu alikuwa akichambua maharagwe kwenye uteo.

"Cucu, nimekukosea nini?"

"Keti."

"Sitaki kuketi. Niambie nimekukosea nini. Kama ni kitambaa, mimi sikuivua, uliivua mwenyewe. Unatoa waya ya feni nifukuzwe kazi ndio ufurahi?"

Cucu alitoa jiwe kwenye maharagwe, akaliweka kando.

"Nilikasirika," alisema. "Sitakudanganya. Kufuma ile kitu kulinimaliza macho, na mkaniaibisha mbele ya fundi. Nilikasirika nikamaliza. Na ningetaka mashine yako ife, Jentrix, ningeimwagia chai. Mimi najua waya ya feni ni gani?"

Cucu aliusogeza uteo, akazungumza polepole, na mtu aliyemsikiliza angejua maneno hayo yalikuwa yakimgharimu.

"Mimi huamka mapema kuomba. Nimekuwa nikimwona anaifungua na kisu ya mkate. Nikasema, kijana yangu anasaidia bibi yake. Hata nikamshukuru Mungu. Leo nimemwona tena. Sasa nimesikia hapa jikoni kibodi ikinyamaza, na nimekusikia ukiinuka. Ndio nimeelewa." Alifuta mikono kwa aproni. "Uliza yule amelala."

Kutoka jikoni hadi chumbani kwao ni hatua chache. Jentrix alizitembea akitamani ziwe nyingi, kwa sababu huku nyuma alikuwa bado na mume aliyembebea mashine begani, na huko mbele hakujua angemkuta nani.

Njau alikuwa macho. Alikuwa amelala chali, blanketi kidevuni, akitazama dari.

"Waya ya feni," Jentrix alisema.

Njau hakuuliza waya gani.

"Nilitaka tu ungoje kidogo," alisema.

"Ningoje nini?"

"Mimi ndio wa mwisho kwetu. Hii boma ni mimi nimeachiwa niangalie. Nikihama watu watasema nini? Ati nimefuata bibi Ruiru nikaacha Mum peke yake?"

"Si ungesema hivyo, Njau. Wewe ndio uliniambia tutahama. Ungeniambia umebadilisha, ningekasirika, lakini ningejua."

"Ningesema, ungeenda bila mimi."

Jentrix alishika fremu ya mlango. Hasira aliitegemea, na ilikuwepo, lakini kilichomuuma zaidi ni zile chai. Kila mara mtu huyu alichomoa waya, akaosha mikono, akachemsha maziwa, akamletea kikombe na pole. Na alipomwona akimchukia mama yake mzazi, alimwacha amchukie, kwa kuwa ilimfaa.

"Nimemnyamazia mama yako wiki ngapi," alisema. "Na ulikuwa unaona."

Simu ililia mkononi mwake. Akello.

Neno stima lilimjia lenyewe ulimini. Lilikuwa rahisi, na lingemfichia aibu mumewe, nyumba na yeye mwenyewe, na lingemrudisha palepale alipokuwa. Njau alimtazama kwa macho ya kumwomba alitumie. Cucu alikuwa amefika kwenye korido, na mikono yake bado ina vumbi la maharagwe.

"Hapana, madam, si stima," Jentrix alisema. "Haijawahi kuwa stima. Ni mume wangu. Amekuwa akichomoa waya ya feni ndio mashine igande, nisipate kazi."

Aibu ilimuunguza kuanzia shingoni hadi masikioni. Hakuwa amewahi kusema jambo la nyumbani kwake kwa mtu wa nje, na sasa alilisema mbele ya wenyewe. Alingoja kuambiwa kwamba inasikitisha lakini kanuni ni kanuni.

"Uko Thika bado?" Akello aliuliza.

"Ndiyo."

"Yule mteja wako nimempa mtu mwingine. Hapa kuna kiti haina mtu. Kuja umalizie siku yako hapa, kwa mashine yetu. Ukifika nikiwa bado sijafunga ripoti, uko kazini. Ukichelewa, sitaweza."

Jentrix alipita kando ya kitanda, akachukua mkoba, akavaa viatu vya kanisani, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu. Njau aliinuka na kusimama mlangoni na kaptura na fulana ya kiwanda, mkono mmoja kila upande.

"Mama Lynn, tukae tuongee. Siwezi acha Mum, wewe mwenyewe unajua."

"Njau," Cucu akasema nyuma yake, "mimi usiniweke kwa mdomo yako. Nimewahi kukuuliza ukae? Nililea watoto wote waende, wakaenda. Wewe umebaki, na mimi nikanyamaza nikifikiri huna pa kwenda. Toka kwa mlango."

Njau aligeuka kumtazama mama yake, na katika kugeuka mkono mmoja ukashuka. Jentrix akapita hapo. Koridoni alisimama mbele ya Cucu, akatafuta neno la kuomba msamaha, akapata "Cucu" peke yake. Mama yule akampapasa bega, akaacha vumbi la maharagwe kwenye blauzi yake nyeusi.

"Enda. Lynn nitamlisha."

Alikuwa amefika getini Njau alipomfuata, pekupeku, akikanyaga kokoto kwa uchungu.

"Lakini jioni utarudi?"

Jentrix alifungua geti. Uso wa Njau ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi, na Jentrix alimpenda bado, na hilo lilimkera kuliko yote.

"Nitarudi kumchukua Lynn," alisema.

Njau alisimama pale akingoja amalizie. Alikuwa amemaliza.